Mhusika na Mwenyewe: Uhakiki wa Maneno ya Wingu

Kurasa za jarida hili zimezoea kuhakiki tenzi, riwaya na tamthilia. Leo nawaomba radhi wasomaji niwaletee maandishi ya namna nyingine. Hapana mtu aliyepata kuyasifu, wala hayajapewa tuzo. Walakini hapana shaka kuwa yamekubaliwa na watu wengi kuliko wasomaji wa diwani zetu zote. Nasema juu ya masharti yale marefu ambayo mtu huyakubali kwa mguso mmoja wa kidole, siku afunguapo akaunti ya kuwekea barua, picha na hati zake katika kile kiitwacho wingu. Mimi mwenyewe nimeyakubali mara nyingi bila ya kuyasoma. Siku nilipoyasoma, niliyasoma kwa sababu ya msiba, nami nitaueleza msiba huo kwanza, maana bila ya huo nisingekuwa na neno la kusema.

Marehemu mwalimu wangu, aliyenifundisha kusoma mashairi yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, alikaa Pangani. Kwa muda uliozidi miaka thelathini alikusanya nyimbo za wavuvi, mafumbo, na maelezo ya maneno ambayo vijana wa mji hawayajui tena. Miaka ya kwanza aliandika katika daftari, na daftari akaziweka katika sanduku la mbao chini ya kitanda. Miaka ya mwisho mkono ulipoanza kutetemeka, mpwa wake alimnunulia simu, akamfundisha kunasa sauti za wazee na kuzipeleka winguni, mahali ambapo, kama alivyoambiwa, moto haufiki wala mchwa hawali. Alifariki mwaka 2021. Mjane wake alipotoka eda aliniita. Nilimwamkia, akaniitikia, akafungua pindo la khanga, akatoa ufunguo, akanipa sanduku. Daftari zote zilikuwamo, pamoja na bahasha moja ya barua ambayo aliichukua yeye, akaenda nayo jikoni, akaitia motoni. Sikuuliza, wala haikunipasa.

Ama sauti, hizo hatukuzipata. Neno la siri marehemu alikufa nalo. Tukaiandikia kampuni iliyozihifadhi, ambayo sitaitaja jina. Majibu yalikuja kwa adabu: walitupa pole, wakasema kuwa akaunti ilikuwa ya marehemu peke yake na haiwezi kurithiwa, tukileta cheti cha kifo wako tayari kuifunga, na vilivyomo vyote vitafutwa. Yaani walikuwa tayari kuifunga, hawakuwa tayari kuifungua. Mjane alinisikiliza nikimfasiria barua ile, kisha akauliza: “Sasa mwanangu, vitu hivi ni vya marehemu au ni vya hao?”

Swali hilo ndilo ninalotaka kulijibu hapa. Mimi si mwanasheria, wala mhakiki hana kiti mahakamani. Kazi yake ni kutazama kama neno lililotumiwa lalingana na jambo linalotajwa. Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, ugomvi huu wote umejengwa juu ya maneno, na matatu kati yake ni ya Kiswahili au yametiwa katika Kiswahili mbele ya macho yetu: wingu, amana, na mhusika.

Tuanze na wingu. Twasema dalili ya mvua ni mawingu, twasema uso umetanda wingu la huzuni. Katika matumizi yote hayo wingu ni kitu cha juu, chepesi, kisichoshikika, tena kisicho na mwenyewe. Hapana mtu aliyepata kupima wingu akalitia uani kwake. Mafundi wa mitambo ya mawasiliano walipolichagua neno hilo hawakuwa na nia ya ushairi. Katika michoro yao walizoea kuchora umbo la wingu mahali palipokuwa na sehemu ya mtandao ambayo hawakuwa na haja ya kuieleza. Basi wingu tangu asili yake lilikuwa alama ya jambo lisilotakiwa kuelezwa! Kisha alama hiyo ikauzwa kwa umma kama jina la ghala. Amazon ilipofungua ghala yake ya kukodi mwezi Machi 2006, na nyingine zikafuata, watu walianza kuambiwa waviweke vitu vyao “winguni”, nao wakatazama juu.

Lau wangetazama chini wangeona majengo. Ni majengo makubwa yasiyo na madirisha mengi, yaliyojaa kompyuta zinazonguruma usiku na mchana, zinazotaka umeme mwingi, na aghalabu maji mengi ya kuzipoza. Yako katika wilaya ya Loudoun huko Virginia, yako Dublin, yako mahali pengine pengi, na kila moja limesimama juu ya ardhi yenye hati, chini ya serikali yenye polisi. Kiswahili kilikuwa na neno ghala, kilikuwa na bohari. Tukayaacha yote mawili tukafasiri alama ya fundi. Sisemi kuwa twaweza kulirudisha neno nyuma, maana limekwisha kuzoeleka. Nasema tu kuwa ni sitiari inayoficha mambo mawili ambayo mtu mwenye mali hupenda kuyajua kwanza: mahali ilipo mali yake, na jina la mwenye ufunguo.

Kwamba wingu lina ardhi lilidhihirika katika kesi moja ya Marekani. Mwezi Desemba 2013 hakimu wa New York alitoa hati ya upekuzi juu ya barua za mteja mmoja wa Microsoft. Barua zenyewe zilikuwa zimewekwa katika ghala ya kampuni hiyo mjini Dublin, na kampuni ikakataa kuzitoa, ikidai kuwa hati ya Marekani haivuki bahari. Tarehe 14 Julai 2016 mahakama ya rufani iliipa kampuni haki. Serikali ikaenda katika Mahakama Kuu ya nchi, na kabla haijaamuliwa, mwezi Machi 2018 likapitishwa sheria jipya la kulazimisha kampuni za Marekani kutoa vitu vilivyo mikononi mwao hata kama viko nchi nyingine. Mwezi uliofuata kesi ikaondolewa kwa kuwa haikuwa na maana tena. Herufi za kwanza za jina la sheria hiyo kwa Kiingereza zimepangwa hata zikasomeka “wingu”, na huo ndio mzaha pekee niliouona katika habari nzima. Lililonishangaza zaidi ni jambo dogo. Katika miaka yote hiyo ya kesi, serikali ilikuwa upande mmoja na kampuni upande wa pili. Mwenye barua hakuwa upande wo wote.

Neno la pili ni amana, nalo lataka kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ndilo lililo moyoni mwa mtu anapoweka kitu chake winguni, ijapokuwa halimo katika mkataba. Desturi ya pwani, iliyotiwa nguvu na sheria ya Kiislamu, ni wazi katika jambo hili. Aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuitumia. Ikipotea pasipo uzembe wake halaumiwi, lakini akiitumia bila ya idhini, tangu saa ile dhamana yake iko juu yake. Mwekaji akifa, amana haifi naye. Hurudi kwa warithi. Mbali na amana kuna azima, ambayo mtu hupewa ili aitumie kisha airudishe. Na kuna rehani, ambayo hushikwa kwa ajili ya deni. Kila neno lina mpaka wake, na mtoto aliyelelewa katika nyumba ya wafanya biashara alijua tofauti zake kabla ya kujua kuandika. Ni kweli kuwa benki zimelilegeza neno hili, kwa kuita amana fedha ambazo huzikopesha kesho yake. Lakini shilingi hufanana na shilingi, na benki ikikurudishia nyingine hukudhulumiwa. Wimbo wa mvuvi aliyekwisha kufa haufanani na mwingine.

Sasa tuyasome masharti. Nitachukua ya Google, kwa kuwa yamechapishwa wazi, na kwa kuwa yameandikwa kwa lugha nyepesi kuliko ya wengi. Yaanza kwa kumtuliza msomaji: kilicho chako chabaki kuwa chako. Kisha, sentensi chache mbele, msomaji huyo huyo anatoa ruhusa, ya dunia nzima na isiyo na malipo, ya kukihifadhi kitu chake, kukinakili, kukisambaza, kukitumia na kukirekebisha. Ruhusa hiyo kampuni yaweza kuwapa pia wanaofanya kazi kwa niaba yake, kwa ajili ya kuendesha huduma, kuiboresha, na kubuni mpya.

Yafaa tuwe waadilifu. Sehemu kubwa ya vitenzi hivyo ni vya lazima. Mtambo hauwezi kuhifadhi pasipo kunakili, wala picha haiwezi kuonekana katika simu ndogo pasipo kurekebishwa umbo. Mtu anayelalamika kuwa mlinzi wa ghala ameugusa mzigo alipoupanga hana kesi. Kasoro ya maandishi haya, kwa kuyapima kama maandishi, iko katika neno kuboresha. Neno hili halina upande wa pili. Hapana tendo ambalo haliwezi kuitwa kuboresha na yule anayelitenda. Google ilipofungua huduma yake ya barua mwaka 2004, mitambo yake ilizisoma barua za watu ili ijue matangazo gani yawafaa. Na mwezi Juni 2017 kampuni yenyewe ikatangaza kuwa itaacha kufanya hivyo kwa ajili ya matangazo. Jambo moja liliruhusiwa kwa miaka kumi na mitatu, kisha likaachwa, na mara zote mbili mteja alikuwa amekwisha kukubali. Kadhalika mwezi Agosti 2023 watu waligundua kuwa Zoom, ambayo sisi walimu tuliitumia kufundishia wakati wa maradhi ya korona, ilikuwa imeongeza katika masharti yake maneno yaliyoonekana kuiruhusu kutumia mazungumzo ya wateja kufunzia mitambo yake ya akili bandia. Zikapigwa kelele, na siku chache baadaye maneno yakabadilishwa. Nawapongeza waliopiga kelele, maana walifanya kazi ya mhakiki: walisoma.

Sentensi ya kwanza, basi, ni ya amana. Ya pili ni ya azima. Na ziko katika ukurasa mmoja kana kwamba ni mamoja. Hapo ndipo ninapoyatia maandishi haya dosari. Si uongo, kwa sababu kila sentensi peke yake ni kweli. Ni kuazima heshima ya neno moja ili kupitisha neno jingine.

Kwa wasomaji wa fasihi kuna mfano mmoja unaogusa nyumba yetu. Mwezi Julai 2009 Amazon iligundua kuwa nakala fulani za riwaya mbili za George Orwell, ile ya mwaka 1984 na ile tuijuayo kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama, zilikuwa zimeuzwa na mtu asiye na haki ya kuziuza. Ikazifuta kutoka katika vyombo vya kusomea vya wateja, kwa mbali, na kuwarudishia fedha zao. Kwamba vitabu vilivyofutwa vilikuwa hivyo hasa, ambavyo ndani yake watawala hufuta na kubadili yaliyoandikwa, kila mtu alikwisha kuchekea, nami sitarudia. Mimi namfikiria kijana mmoja wa shule huko Michigan aliyekuwa akiandika maelezo yake pembezoni mwa kitabu kwa ajili ya kazi ya darasani. Kitabu kilipoondoka, maelezo yake yalibaki yakielekeza mahali pasipo na maandishi. Maelezo yalikuwa yake, hapana aliyeyapinga. Lakini yalikuwa yamening’inia juu ya kitu cha mtu mwingine. Mkuu wa kampuni aliomba radhi mwezi ule ule, na kijana alikwenda mahakamani na madai yake yakamalizwa kwa mapatano. Nataka wanafunzi wangu, ambao huandika tasnifu zao nzima katika wingu, waukumbuke mfano huu.

Nije katika neno la tatu, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, yampa kila mtu haki ya faragha; na Kenya imeweka haki hiyo katika ibara ya 31 ya Katiba yake ya mwaka 2010. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019. Tanzania ilitunga yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mwaka 2022, ikaanza kutumika mwezi Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa mwezi Aprili 2024. Ni sheria ya lazima, na imekuja katika lugha yetu wenyewe, jambo ambalo wazee waliopigania Kiswahili wangelifurahia. Sheria hii ina watu watatu: yuko mkusanyaji, yuko mchakataji, na yuko yule ambaye taarifa ni zake. Huyu wa tatu ameitwa mhusika wa taarifa.

Msomaji wa jarida hili ataona mara moja. Mhusika, katika darasa la fasihi, ni Kusadikika na watu wake, ni Rosa Mistika, ni kila kiumbe cha mwandishi. Mhusika hutendewa na kusimuliwa. Hana sauti ila ile aliyopewa, hajui ukurasa ujao una nini, wala hapana mhusika aliyepata kudai sehemu ya mapato ya kitabu. Kitabu kina mwandishi, kina mchapishaji. Mhusika hakimiliki, kinamhusu. Tumemtwaa raia aliyeandika barua, aliyepiga picha, aliyenasa sauti kwa mkono wake, tukamwita kwa jina la kiumbe asiyeandika.

Mwenzangu mmoja katika idara alinipinga, tena kwa hoja nzuri. Alisema neno hilo ni tafsiri ya istilahi ya Kiingereza, ambayo nayo yaweza kuwa na maana ya mada au ya mtu aliye chini ya mfalme, na kwamba wafasiri wetu kwa kweli wameipunguzia ukali. Nakubali. Akasema tena kuwa taarifa nyingi zilizo winguni hazikuandikwa na mtu mwenyewe, bali zimeandikwa juu yake: alikwenda wapi, alinunua nini, alitazama nini usiku wa manane. Katika hizo yeye ni mhusika kweli, na neno limesema kweli chungu. Hili nalo nalikubali, na huenda ndilo jambo la maana zaidi aliloniambia. Lakini sheria yatumia neno moja kwa hali mbili. Mtu aliyesimuliwa na mtu aliyeandika wote wamekuwa mhusika, na nyimbo za mwalimu wangu zimewekwa fungu moja na orodha ya mahali simu yake ilipopita.

Yuko atakayesema: basi mwiteni mmiliki, mambo yaishe. Hapana, hayataisha. Kwanza, vitu hivi mara nyingi si vya mtu mmoja. Barua ina aliyeiandika na aliyeipokea. Waingereza waligombana juu ya hili tangu mwaka 1741, pale mshairi Alexander Pope alipomshitaki mchapishaji Edmund Curll kwa kuchapa barua zake. Hakimu aliamua kuwa karatasi ni ya aliyeipokea, bali maneno ya kuchapishwa yamebaki kuwa ya aliyeyaandika. Ni hukumu ya busara, na wingu limeitatiza kwa kuleta mtu wa tatu ambaye hakuandika wala hakuandikiwa, naye ndiye mwenye karatasi. Pili, kinachomilikiwa huuzwa. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na kampuni ya Worldcoin, wakilipwa sarafu za mtandaoni zenye thamani ya shilingi elfu chache za Kenya. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru picha hizo zifutwe. Ikiwa mboni ni mali kama mbuzi alivyo mali, foleni ile haikuwa na kosa lo lote. Walikuwa wauzaji na mnunuzi.

Kwa hiyo mhusika ni neno dogo mno, na mmiliki ni neno la sokoni. Rai yangu ni kuwa Kiswahili kina neno la katikati, nalo ni mwenye amana. Mwenye amana hakuuza, wala hakutoa zawadi, ameweka. Ana haki ya kuuliza amana iko wapi, kuitaka, kukataza isitumiwe, na kuiachia warithi. Na katika mamlaka hayo yote lililo kubwa ni uwezo wa kutenga: hiki mpe fulani, kile kichome. Angalieni utenzi wa Mwana Kupona. Mama mgonjwa aliutunga yapata mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, neno la chumbani baina ya watu wawili. Kisha ndani ya utenzi huo huo akawaalika wanawake wengine wausome. Ulipokuja kuchapishwa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934 siri haikuvunjwa, kwa kuwa mlango ulikwisha kufunguliwa na mwenyewe. Hatujui aliyoyasema kwa binti yake asitake yasomwe. Hayo hayakuja, na ndivyo inavyopasa.

Mahakama ya juu ya Ujerumani ilikaribia jambo hili tarehe 12 Julai 2018. Wazazi wa binti aliyekufa mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka kumi na mitano waliomba kufungua akaunti yake ya Facebook, wapate kujua alikufaje. Mahakama iliwapa haki, kwa hoja ambayo mjane wa Pangani angeielewa bila ya wakili: barua na kumbukumbu za siku zilizoandikwa karatasini huenda kwa warithi, na hapana sababu ya zile za mtandaoni kwenda kwingine. Hata hivyo hukumu hiyo ni ya Ujerumani. Sheria kuu ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, yasema katika dibaji yake kuwa haihusu taarifa za marehemu, na kila nchi yaweza kuweka kanuni zake. Wakati huo huo kampuni hazingoji. Google ilitangaza mwezi Mei 2023 kuwa akaunti ya mtu isiyofunguliwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Makumbusho ya marehemu wetu sasa yana tarehe ya mwisho iliyowekwa na mwenye ghala.

Mwaka 1970 J. W. T. Allen alichapisha orodha ya miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu, pamoja na kanda za sauti, zilizokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miswada ya namna hiyo ilipatikana kwa kwenda nyumba kwa nyumba na kuwaomba wenyewe, na wako waliotoa, wako waliokataa, wako waliokubali kunakiliwa tu. Atakayekwenda kukusanya kazi za kizazi hiki atabisha mlango gani?

Nalisahau kusema kuwa mpwa wa marehemu alikuwa na kompyuta ya zamani ambayo baadhi ya sauti zile zilikuwa zimenakiliwa ndani yake. Tuliiwasha mwaka jana sebuleni, mjane akiwapo. Tulipata nyimbo chache, labda moja kwa kumi, nazo sasa ziko salama. Katika orodha yalionekana pia majina ya mafaili ambayo vilivyomo haviko katika kompyuta, viko huko kwenye ghala. Mengi yalikuwa majina ya vijiji na ya wazee waliohojiwa. Moja liliandikwa “Yangu”, basi.

Mpwa aliuliza kama tujaribu njia nyingine ya kulifungua. Mjane alikataa. Alisema mumewe ameandika yake, na yake si yetu, na kama angeweza angelichoma kama alivyozichoma zile barua. Nikamweleza kuwa iko njia moja tu ya kulichoma: kupeleka cheti cha kifo ili akaunti ifungwe, na hapo nyimbo zote zilizosalia zitakwenda pamoja nalo. Alikaa kimya muda mrefu. Cheti kiko katika sanduku, juu ya daftari, na mpaka ninapoandika haya hajaniambia nikichukue.